Kona ya Maswali: Learned, learnt, na vitenzi vya Kiingereza vinavyogombanisha watu

Barua za safari hii nyingi zimetoka Mbeya, Iringa na majirani zao, na karibu zote zinagusa jambo moja, vile vitenzi vya Kiingereza ambavyo ukivipeleka wakati uliopita haviongezi ed kama wenzake. Nimechagua saba. Majibu hayalingani urefu maana na maswali hayalingani uzito.

Shikamoo mwalimu. Mi ni mama niko Uyole, Mbeya. Mwanangu yuko darasa la tano ingilishi midiamu, juzi karudi na daftari, alikuwa kaandika "I learned a new song" na "I dreamed about my grandmother", mwalimu wake kamkosesha zote mbili na pembeni kaandika learnt na dreamt kwa peni nyekundu. Dada yake aliyeko chuo anasema mtoto yuko sahihi. Nani mkweli, na je niende shule au niache tu?

Marahaba mama. Mtoto hakukosea. Learned na learnt zote ni Kiingereza safi, dreamed na dreamt hivyohivyo, na kuna kundi zima la namna hiyo: burn, spell, smell, spill, spoil, lean, leap. Waingereza wanazipenda sana za t, Wamarekani wanapenda za ed, ila ukisoma magazeti ya London utaikuta learned kila siku na hakuna anayeshtuka. Sisi shule zetu zimerithi Kiingereza cha Waingereza toka enzi walipotutawala, ndo maana walimu wengi wameishika learnt, na hilo wala si baya. Ubaya ni kumfanya mtoto aamini ameharibu wakati hajaharibu, hapo mi naumia kwa kweli, maana mtoto wa darasa la tano akikoseshwa kitu alichokipata anaanza kuogopa kuandika.

Sasa hiyo t imetokea wapi? Mwambie mwanao aseme kwa sauti walked, halafu played, halafu wanted. Zote zinaandikwa ed lakini asikilize mdomo wake, ya kwanza inaishia na t, ya pili d, ya tatu inaongeza silabi kabisa. Yaani t imo humo siku zote, imefichwa tu na maandishi. Kwenye maneno yanayoishia n, l au m mdomo unaweza kwenda huku au kule, ndo pakazaliwa learnt na learned. Dream na leap zimeenda mbali zaidi, irabu yenyewe inafupishwa, dreamt inatamkwa dremt na leapt inatamkwa lept, sawasawa na keep na kept, sleep na slept. Tofauti ni kwamba kwa sleep watu walishakubaliana zamani, sleeped haipo, kwa dream bado hawajakubaliana.

Mtahadharishe kitu kimoja, asije akaona learnt akaandika na earnt. Kwenye mtihani earn ni earned basi. Na mawakili wanapoitana "my learned friend" hapo ni neno jingine, maana yake msomi, linatamkwa silabi mbili, lenid, hilo learnt haliwezi kuingia kabisa.

Shule nenda mama, ila nenda kwa salamu, sio kwa kesi. Mwombe mwalimu kama shule inataka learnt basi awaambie watoto wote mapema kwamba hapa tunaandika hivi, na mtoto akichanganya learned na burnt kwenye insha moja amwelekeze achague njia moja, lakini asimkate maksi kama aliyeandika "I sleeped".

Mwalimu mi nasoma kidato cha tatu Tukuyu. Hivi kwanini Waingereza wasirekebishe lugha yao? Go inakuwa went, hata herufi moja hazifanani! Tumepewa orodha ya vitenzi zaidi ya mia tukariri, nikifika katikati za mwanzo zimeshatoka. Naomba njia.

Mdogo wangu swali lako ndo limenifanya nikae muda mrefu na barua hizi, na jibu lake ni refu kwa hiyo vumilia.

Kwanza hakuna mtu aliyekaa akatunga hiyo orodha ili awatese. Zamani za kale Kiingereza kilikuwa na mpango wake, kitenzi kinabadilisha irabu ya katikati kuonyesha wakati, sing, sang, sung, na ule ulikuwa mpango kweli kweli wenye makundi yanayoeleweka. Ila palikuwa na njia ya pili, ya kuongeza d au t mwishoni, na hiyo ya pili ikawa rahisi zaidi, kila neno jipya likiingia linapewa hiyo. Mpaka leo ni hivyo, hakuna aliyefundishwa kusema googled au downloaded, mtu anaweka ed tu mwenyewe. Basi vile vya zamani vikaanza kuhamia kimoja kimoja. Help zamani ilikuwa holp na holpen, na ukifungua Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, Luka 1:54, kwenye wimbo wa Mariamu utaikuta imekaa, "He hath holpen his servant Israel." Leo ni helped. Climb nayo ilikuwa na clomb, imekufa.

Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature, walichukua vitenzi 177 visivyofuata kanuni vya Kiingereza cha kale wakavifuatilia mpaka leo. Vilivyobaki hivyohivyo ni 98. Na walichokiona ndo jibu la swali lako: kitenzi kinachotumika sana hakibadiliki, kinachotumika mara chache ndo kinahama haraka. Walipiga na hesabu, kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu kuliko kingine kinahamia kwenye ed kwa kasi mara 10 zaidi. Angalia vitenzi vinavyotumika kuliko vyote, be, have, do, say, go, get, make, see, take, come, hamna hata kimoja cha ed hapo. Sababu ni kwamba mtoto wa Kiingereza anaisikia went mara nyingi kwa siku kabla hata hajajua kama kuna kanuni, sasa kitenzi anachokisikia mara moja kwa mwaka wakati wake uliopita haukai kichwani, akitaka kukisema anakiwekea ed maisha yanaendelea.

Na sisi tunavyo. Soma, somesha, pika, lima, amri zote zimenyooka, lakini mtu ukimwita husemi kuja, unasema njoo. Ukimtuma unasema nenda, ukimwomba kitu unasema lete, sio leta. Ni yaleyale maneno ya kila dakika nyumbani, na hakuna mtoto wa Rungwe aliyewahi kukaririshwa njoo.

Sasa went. Hiyo ilikuwa ya kitenzi kingine, wend, maana yake kushika njia. Go ilikuwa na wakati wake uliopita, eode, ukafa, went ikahamia pale. Be nayo ni mkusanyiko, was na be na are zimetoka kwenye mashina tofauti zikaungana.

Usidhani pia kwamba safari yote ni ya kwenda kwenye ed. Kuna vilivyorudi kinyume. Biblia hiyohiyo ya 1611, Mwanzo 26, watumishi wa Isaka "digged a well", leo ukiandika digged unakoseshwa, ni dug. Wear nayo ilikuwa ya kawaida kabisa, ikafuata bear na swear ikawa wore. Catch imetoka Ufaransa, mgeni kabisa, lakini ikafanywa caught kwa kufuata vitenzi vya kienyeji vya namna ya teach na taught. Kwa hiyo hata wenyewe wanakwenda kwa kufananisha, na watoto wao wadogo wanaanzaga vizuri na went, halafu wakishaijua kanuni wanasema goed na bringed muda mrefu tu, mwisho wanarudi kwenye went. Wewe ukisema bringed huna upungufu wowote wa akili, unafanya kazi ileile anayofanya mtoto wa kule.

Njia basi. Hiyo orodha ya kuanzia A mpaka W iache, ivunje kwa sauti. Weka pamoja sing, ring, drink, sink, swim, begin, zote zinakwenda i, a, u: sang na sung, drank na drunk, began na begun. Hapo ndo wengi wanaanguka, ile ya u haisimami yenyewe, inataka have au had mbele yake, "we sang" lakini "we have sung". Weka pamoja cut, put, hit, hurt, shut, cost, zinaishia t na hazibadiliki hata kidogo. Send, lend, spend, build, d inageuka t. Halafu zile za ought na aught tengenezea habari moja ya maisha yako uiseme kwa sauti: I bought bananas at Kiwira, I brought them home, I thought they were ripe, my brother fought me for them and mother caught us. Umemaliza tano kwenye pumzi moja. Tunga ya kwako kesho, sio hii yangu, ukiitunga mwenyewe haitoki.

Habari mwalimu, nafanya biashara ya mbao Mafinga. Niliandika ripoti kwa Kiingereza kwa mteja, nikaweka "the trees were fell in June", akanirudishia kanichorea. Mi najua fall inakuwa fell. Kosa liko wapi?

Kaka kosa lako ni la mtu anayejua, maana hapo kuna vitenzi viwili vinapishana mlangoni. Mti ukianguka wenyewe ni fall, fell, fallen. Wewe ukiuangusha kwa msumeno kitenzi chenyewe ni fell, kwa hiyo wakati uliopita ni felled: "the trees were felled in June." Na kwa kazi yako utakutana na kingine, see inakuwa saw, lakini saw ya kupasua mbao inakuwa sawed, na mbao zilizopasuliwa ni sawn timber. Waingereza wanaandika sawn, Wamarekani wanaikubali na sawed.

Kuna jingine naliona sana kwenye vibao na vipeperushi vya vikundi na shule zetu, "our group was found in 2015", kwamba kikundi kiliokotwa. Find ya kupata wakati wake uliopita ni found, lakini found ya kuanzisha ni kitenzi kingine, wakati wake uliopita ni founded. Tafadhali kama una kibao cha hivyo pale ofisini kibadilishe kabla rangi haijakauka. Na lie na lay, lie ya kulala ni lie, lay, lain, ya kulaza kitu ni lay, laid, laid. Mbao ulizilaza juani, "we laid the planks in the sun", nazo zikalala pale wiki nzima, "they lay there for a week". Hii inawachanganya mpaka wenyewe wazaliwa, usione aibu kuangalia kamusi.

Mwalimu nipo Tunduma, wakala wa forodha. Imeili zangu zinakwenda Lusaka kila siku na bosi kasema Kiingereza changu kina makosa ya wakati uliopita. Nakutumia mfano: "We didn't received the documents", "Client has payed", "The driver has went to Nakonde".

Asante kwa kutuma mifano, inasaidia kuliko maelezo.

La kwanza ndo kosa kubwa kuliko yote Tanzania nzima. Did imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinachofuata kinarudi uchi kama kilivyozaliwa: we didn't receive, did you go, he didn't pay. Ukishaweka did usiweke tena. Nakushauri ufungue imeili ulizotuma wiki iliyopita, tafuta didn't moja baada ya nyingine, angalia neno linaloifuata, utaona mwenyewe.

La pili, pay, say na lay zinaandikwa paid, said, laid, wakati play na stay zinabaki played na stayed. Payed ipo, ila ni ya mambo ya kamba za meli, wewe haikuhusu. La tatu, baada ya has huwezi kuweka went, unaweka gone, "the driver has gone to Nakonde". Halafu ongeza hii, lead inakuwa led, watu wanaandika lead kwa sababu read haibadiliki maandishi, inabadilika sauti tu. Send ni sent, lakini attend ni attended, usiifananishe.

Mi ni mwongoza watalii, napeleka wageni Ruaha nikitokea Iringa mjini. Wageni Wamarekani wanasema "the hippo dove", "he's gotten old", "the leopard snuck away". Waingereza wakisikia wanacheka. Niige yupi? Na mwingine mzee wa kizungu kabisa alisema "I seen it" na "we was here", nikachanganyikiwa.

Usiwacheke wewe, na wala wale wanaocheka hawajui historia ya lugha yao wenyewe. Gotten sio uchafu wa Marekani, ni Kiingereza cha zamani. Kwenye ileile Biblia ya 1611 Hawa anasema "I have gotten a man from the LORD", Mwanzo 4:1. Wahamiaji wa miaka ya 1600 waliondoka nayo wakavuka bahari, Marekani ikaitunza, Uingereza yenyewe ndo ikaiacha ikabaki na got. Ila forgotten hawakuiacha, mpaka leo Mwingereza anasema forgotten bila kufikiri. Na Wamarekani wanaitumia kwa akili, wakisema "I've got a car" wanamaanisha wanalo, wakisema "I've gotten a car" wanamaanisha wamelipata. Mi naona ni tofauti nzuri hiyo, inasaidia msikilizaji.

Dove ni ya Marekani toka miaka ya 1800, inaelekea walifuata drive na drove, na inatamkwa kama drove, sio kama yule ndege njiwa. Snuck nayo ilizaliwa kulekule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1800, ilianza kama neno la vijiweni na sasa imeshaingia kwenye kamusi. Waingereza wanasema dived na sneaked, ingawa snuck vijana wao wanaitumia siku hizi.

Wewe ukiwa kwenye gari sema inayokujia, wote watakuelewa. Kwenye kipeperushi chako andika dived, got, sneaked, hizo hakuna mgeni wa upande wowote atakayezigusa. Na yule mzee wa "I seen it" hakukosa shule lazima, ndivyo kwao wanavyoongea nyumbani, iwe Uingereza au Marekani kuna sehemu nyingi sana wanasema I done, I seen, we was, na wana utaratibu wao. Msikilize, mheshimu, ila usiibebe kwenye barua ya kuomba kazi.

Mwalimu, najitolea kuandika maelezo ya picha kwa ajili ya wageni hapa Songea, habari za vita ya Majimaji. Ni "the leaders were hung" au "hanged"?

Hanged. Koti, picha na bendera ni hung, mtu aliyenyongwa ni hanged. Palikuwa na vitenzi viwili vya kale vikaungana, hung ikachukua kila kitu isipokuwa hukumu ya kifo, mahakama ziliishikilia hanged. Utaona watu wengi wanaandika hung hata kwa mtu, hawaeleweki vibaya, lakini hapo unaandika habari za wazee wetu na watu watasimama mbele yake kusoma, kwa hiyo andika kwa heshima inayotakiwa: "Nduna Songea Mbano was hanged in 1906." Na kama maelezo yenu yanafika Iringa kwa Mkwawa, shoot ni shot, "Chief Mkwawa shot himself in 1898."

Mtangazaji wa redio, Makambako: mechi ilikuwa broadcast au broadcasted?

Broadcast, na forecast vilevile, zinafuata cast ambayo haibadiliki. Broadcasted kamusi kadhaa zinaitaja na utaisikia kwa watu, ila kwenye taarifa ya habari tumia broadcast. Cost nayo ni cost, "the ticket cost five thousand", isipokuwa ukiwa unazungumzia mhasibu aliyekaa akakadiria gharama za mradi, hapo ndo unasema "he costed the project".